Njia Nne za Kuuza Tiketi za Igizo Kabla Ukumbi Haujathibitishwa

Kikundi cha maigizo kinachotaka kupanda jukwaani mwezi wa kumi na moja huanza kuhitaji fedha mwezi wa nane. Waigizaji wanataka nauli ya kwenda mazoezini, fundi cherehani anadai malipo ya awali ya maleba, na mwenye taa na vyombo vya sauti hamshikii tarehe mtu asiyetanguliza kitu. Wakati huohuo meneja wa ukumbi anasema tarehe hiyo bado inasubiri jibu la mteja mwingine, labda harusi, labda mkutano wa wizara, na kwamba umpigie tena Jumatatu. Hapo ndipo swali linapozuka: tuanze kuuza tiketi sasa, kabla hatujajua watu watakaa wapi, au tungoje?

Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo vikundi vyetu vya Afrika Mashariki huzitumia katika hali hiyo. Nimekaa kwenye meza ya mlangoni mara nyingi, nikiwa na daftari la majina na mfuko wa chenji, na msimamo wangu nausema mapema: tiketi ni deni, na deni hilo huwa jepesi au zito kulingana na maneno yaliyoandikwa juu yake. Kikundi kinaweza kuuza mapema kwa uaminifu kabisa, ilimradi kisiuze kitu ambacho chenyewe bado hakijakipata. Njia zote nne zinaweza kutimiza sharti hilo, ila kila moja ina gharama yake.

Ukumbi uliothibitishwa ni upi

Watu wengi husema ukumbi umepatikana wakiwa na maana kwamba wamezungumza na meneja na meneja hakukataa. Hayo ni mazungumzo tu. Hatua ya pili ni kushikiwa tarehe, ambapo jina la kikundi huandikwa kwenye kalenda ya ukumbi, mara nyingi kwa penseli, mpaka siku ambayo arbuni lazima iwe imelipwa. Hatua ya tatu ni mkataba uliotiwa saini, arbuni iliyolipwa na stakabadhi mkononi. Kabla ya hatua hiyo ya tatu huna ukumbi, na harusi inayolipa mara mbili itaingia bila mtu kukuuliza. Kumbi za taasisi za umma zinaweza kuhitajiwa na wenyewe hata baada ya arbuni, kwa hiyo kisome vizuri kifungu kinachoeleza itakuwaje wakikuondoa: watarudisha fedha tu, au watakupa na tarehe nyingine?

Juu ya ukumbi kuna kibali. Tanzania Bara ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu 1976, na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, liliundwa kwa sheria ya 1984, hivyo mwandaaji anayeuza tiketi bila kujua atakapoonyesha anaweza kujikuta anatakiwa kujaza mahali pa onyesho kwenye fomu wakati mahali penyewe hana. Historia yetu ina mfano mzito wa mlango kufungwa dakika ya mwisho. Februari 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kutoka Limuru kilifika kwenye Ukumbi wa Taifa wa Maigizo jijini Nairobi, ule uliofunguliwa mwaka 1952, kikakuta milango imefungwa. Kilihamishia mazoezi yake Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kuyatazama mazoezi hayo mpaka nayo yakapigwa marufuku. Waliokwenda chuoni walilifuata igizo; hakuna aliyekwenda kudai kiti. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu linaeleza kwa nini baadhi ya tiketi huvumilia kuhama na nyingine hazivumilii.

Viti navyo ni suala la peke yake. Unaweza kuwa na mkataba wa ukumbi na bado usijue watu watakavyokaa. Katika ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni mchoro unajulikana, ingawa fundi wa sauti ataomba nafasi ya meza yake katikati na viti sita vitapotea. Katika ukumbi wa shule, wa kanisa au wa manispaa viti ni vya plastiki na vinapangwa asubuhi ya siku yenyewe, na mwelekezi anaweza kuamua wiki moja kabla kwamba igizo litachezwa katikati, watazamaji wakizunguka pande tatu. Uamuzi huo wa kisanaa, ambao ni haki yake, hufuta kila namba ya kiti iliyokwisha kuuzwa.

Mambo matano ya kupimia

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni fedha: kiasi gani kinaingia kabla ya onyesho, na je, kinaweza kutumika? La pili ni ahadi: mnunuzi ameambiwa nini, na kikundi kinaweza kulitimiza hata mambo yakibadilika? La tatu ni idadi: kuna uwezekano wa kuuza nafasi nyingi kuliko ukumbi utakaopatikana? La nne ni mlango: jioni ya onyesho itakuwaje, nani ataketi wapi, na nani atagombana na nani? La tano ni marejesho: ikiharibika, fedha zinarudije kwa wenyewe?

Jambo la tano ndilo linalosahaulika zaidi, kwa hiyo nalieleza hapa mara moja kwa njia zote. Kupokea fedha kwa simu kumekuwa rahisi tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, lakini kurudisha si rahisi vilevile. Ukipokea malipo 200 na ukalazimika kuyarudisha, utafanya miamala 200, kila mmoja na ada yake, na ada hiyo hutoka mfukoni mwa kikundi. Wanaokumbuka tozo za miamala zilizoanza Tanzania Julai 2021 wanajua jinsi makato madogo yanavyogeuka makubwa yakirudiwa. Kwa hiyo, vyovyote utakavyochagua, weka daftari lenye jina, namba ya simu iliyolipa, kiasi na tarehe, na tenga fungu la ada za kurudishia tangu siku ya kwanza. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya 2012 na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 zote zinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu anachouziwa, na tiketi inayotaja ukumbi ambao kikundi hakina inaweza kuhesabiwa kuwa maelezo ya kupotosha hata kama nia ilikuwa njema.

Njia ya kwanza: tiketi kamili yenye namba ya kiti

Hapa kikundi huchukua mchoro wa ukumbi kinaoutarajia, hugawa madaraja ya bei, na huuza kiti kwa namba kana kwamba ukumbi umeshapatikana.

Kwa upande wa fedha hakuna njia inayoishinda. Mtu anayejua ataketi safu ya pili katikati yuko tayari kulipa zaidi, na kampuni inayotaka kuleta wageni wake hununua safu nzima kwa mkupuo, jambo ambalo haiwezi kulifanya kwa tiketi isiyo na mahali. Mwandaaji mwenye gharama kubwa za mwanzo, kama igizo lenye bendi na wachezaji thelathini, ana sababu ya haki kuitazama njia hii.

Ahadi yake lakini ndiyo nzito kuliko zote, na nitaeleza nilivyoiona. Miaka kadhaa iliyopita, Mombasa, kikundi nilichokisaidia kiliuza tiketi zaidi ya mia moja kwa mchoro wa ukumbi wenye safu A mpaka L. Tulikuwa tumeshikiwa tarehe, hatukuwa na mkataba. Siku kumi kabla ya onyesho tarehe ikapewa mtu mwingine, tukahamia bwalo la shule lenye mabenchi na viti vya plastiki. Jioni ile alifika mama mmoja akimshika mkono mama yake mzazi, bibi wa makamo ya juu anayetembelea mkongojo, na tiketi zao zilisema C7 na C8. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, C7 iko wapi?" Nikamwambia, "Samahani mama, hapa hakuna safu C." Akanieleza kwamba alichagua C7 kwa sababu iko kando ya njia, na mama yake hawezi kukunja goti la kulia, sharti alinyooshe. Mwenzangu alikimbia darasani akaja na kipande cha chaki, tukaandika herufi sakafuni, tukasogeza mabenchi mpaka ikapatikana safu ya tatu yenye nafasi ya mguu kando. Wale wawili waliketi. Waliofuata nyuma yao wakiwa na tiketi za K na L hawakuwa na pa kuandikiwa, kwa sababu bwalo liliishia safu ya tisa.

Tangu siku ile sichukulii namba ya kiti kama pambo la tiketi. Wapo wanaoichagua kwa sababu ya goti, ya sikio moja lililo zima, ya mtoto atakayetaka kutoka katikati ya onyesho, na mtu wa namna hiyo ukimbadilishia kiti umemnyima alichokilipia.

Kwa idadi, hatari ni kubwa kama unavyoona. Mlangoni, ikiwa ukumbi ni uleule uliotarajiwa, mambo huenda vizuri kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu kila mtu anajua pake. Ikiwa umebadilika, ni vibaya kuliko njia nyingine yoyote. Marejesho ni magumu kwa kuwa bei zinatofautiana na madai yanatofautiana: aliyelipa daraja la juu akawekwa nyuma anadai tofauti, si tiketi nzima.

Inamfaa nani, basi? Inakifaa kikundi kinachorudi kwenye ukumbi uleule kila mwaka, wenye viti vilivyofungwa sakafuni, ambapo kilichobaki ni saini tu, na chenye akiba ya kurudisha tofauti za bei bila kukopa. Kikundi hicho kinaweza pia kupunguza hatari kwa kuuza daraja badala ya namba, yaani "safu tatu za mbele" badala ya "B4", na kuwauliza wanunuzi kama wana hitaji la kiti cha kando ya njia au cha karibu na mlango. Swali hilo dogo likiandikwa kwenye fomu ya kununulia linabeba faida nyingi za namba bila uzito wake.

Njia ya pili: tiketi ya kuingia, isiyo na kiti wala jina la ukumbi

Tiketi inataja igizo, tarehe, saa, eneo la mji na bei. Inasema wazi kwamba ukumbi utatangazwa siku fulani, na kwamba anayewahi ndiye anayechagua pa kukaa.

Fedha zinaingia mapema, ingawa kwa bei moja au mbili tu, na makampuni hayavutiwi nayo sana. Kwa upande wa ahadi, njia hii inafanana na kiingilio cha tamasha. Watu wanaokwenda Ngome Kongwe mjini Zanzibar kwa Sauti za Busara, tamasha ambalo limekuwa likifanyika tangu 2004, hawaendi kutafuta safu na namba. Wananunua ruhusa ya kuingia na kuwa sehemu ya usiku ule. Igizo linaweza kuuzwa kwa namna hiyohiyo, hasa likiwa na jina au waigizaji ambao watu watawafuata popote watakapokwenda, kama walivyofuatwa wale wa Kamĩrĩĩthũ.

Eneo la mji halipaswi kuachwa wazi. Mnunuzi anaweza kuvumilia kutojua jina la ukumbi, lakini hawezi kuvumilia kutojua kama atahitaji matatu moja au mbili kurudi nyumbani saa nne usiku. Onyesho lililouzwa kama la katikati ya Nairobi likiishia Karen, pembezoni mwa jiji, limebadilika bei, kwa sababu nauli ya kurudia ni sehemu ya bei. Vivyo hivyo Dar es Salaam kwa mkaazi wa Mbagala aliyedhani anakwenda Posta akaambiwa aje Mbezi Beach. Kwa hiyo andika eneo, na uhakikishe kumbi zote unazozungumza nazo zimo ndani ya eneo hilo.

Wapo waandaaji wanaoigeuza siri ya mahali kuwa kivutio chenyewe. Secret Cinema, kampuni ya London ya maonyesho ya filamu iliyoanza 2007, ilijijengea jina kwa kuuza tiketi bila kutaja mahali. Ila kuna tofauti ambayo waigaji wengi hawaioni: kuficha mahali ulipopapata ni jambo moja, na kutokuwa na mahali ni jingine. Hata wao, wenye uzoefu wote huo, Julai 2014 waliahirisha ufunguzi wa onyesho lao kubwa saa chache tu kabla ya kuanza, na wanunuzi wao walikasirika kwa haki. Ukitumia neno "siri" kwenye bango wakati ukweli ni kwamba bado unabembeleza meneja, umeshamdanganya mnunuzi wako.

Idadi ndiyo penye kazi. Kanuni ninayoifuata ni kuuza kwa kipimo cha ukumbi mdogo kuliko zote tulizonazo kwenye mazungumzo. Tuseme unazungumza na kumbi tatu, za watu 300, 220 na 160. Anza na 160, toa viti 6 vya meza ya sauti, 10 vya wageni waalikwa na waandishi, na 4 vya nyuma ya nguzo ambapo mtu haoni kitu, unabaki na 140. Hizo ndizo tiketi ulizonazo mpaka mkataba utiwe saini. Ukipata ukumbi wa 300, fungua mauzo ya awamu ya pili. Hakuna atakayelalamika kwamba nafasi zimeongezeka. Mwandaaji anayeanza na 300 kwa matumaini anaweka rehani jioni nzima ya watu wasio na habari.

Mlangoni kutakuwa na foleni, na foleni ndefu kabla ya milango kufunguliwa, kwa kuwa umewaambia watu wawahi. Panga viti vya mbele vya wazee, wajawazito na wenye ulemavu kabla ya kufungua, na umweke mtu wa kuvilinda, maana bila mlinzi vitakaliwa na vijana dakika ya kwanza. Kama ni mahali pa wazi kama Ngome Kongwe au uwanja wa shule, na tarehe iko kati ya Machi na Mei, tiketi iseme mvua ya masika ikinyesha itakuwaje. Marejesho ni mepesi kiasi, kwa sababu bei ni moja na kosa ni moja: onyesho halikufanyika, au limetoka nje ya eneo lililotajwa.

Njia hii inakifaa kikundi chenye watazamaji wake wa kudumu na igizo lisilodai ukumbi wa aina moja, pamoja na maonyesho ya vichekesho, ya mashairi ya jukwaani na ya ngonjera, ambayo hukubali mkeka, benchi au ngazi za mawe. Haiwafai sana wanaolenga familia zenye wazee, wala wale wanaotoza bei ya juu.

Njia ya tatu: arbuni au orodha ya walioahidi

Kikundi hakiuzi tiketi. Kinaandikisha majina ya wanaotaka kuja, ama bure, ama kwa kulipa sehemu, tuseme shilingi 300 kati ya 1,000 za Kenya. Ukumbi ukithibitishwa, walioandikishwa hupewa siku saba za kumalizia na kuchagua viti kabla ya watu wengine.

Fedha ni kidogo, ila zinatosha kwa kitu kimoja muhimu: zinaweza kuwa ndiyo arbuni ya ukumbi wenyewe. Watu themanini wakitoa 300 kila mmoja, una 24,000, na unamwendea meneja ukiwa na kitu mkononi pamoja na orodha. Orodha hiyo ina nguvu kuliko kikundi kinavyodhani. Meneja anayesita kati yako na mwenye harusi huanza kukusikiliza akiona majina themanini yenye namba za simu, na mfadhili vilevile.

Ahadi ni nyepesi na inaeleweka: tutakupa nafasi ya kwanza, au tutakurudishia chako. Lakini hapo pana neno la Pwani. Arbuni, kwa maana ya fedha inayopotea mnunuzi akighairi, haikubaliki katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Mombasa, Lamu, Tanga na Zanzibar, na nimewahi kumsikia mzee wa heshima akikataa kujiandikisha kwa sababu hiyo tu. Mimi naona suluhisho ni rahisi na ni jema kwa kila dini: arbuni ya onyesho lisilo na ukumbi irudishwe yote mtu akighairi kabla ya ukumbi kutangazwa. Mwenye jukumu la kuthibitisha ni kikundi, na si haki mnunuzi apoteze kwa kuchoka kusubiri.

Idadi haileti hatari, kwa kuwa orodha inaweza kupita uwezo wa ukumbi bila kumdhulumu mtu, ilimradi uliwaambia kwamba watahudumiwa kwa utaratibu wa kujiandikisha. Mlango siku ya onyesho huwa shwari kama wa njia ya kwanza, maana viti vimechaguliwa baada ya mchoro halisi kupatikana. Ugumu uko katikati, kwenye zile siku saba. Kuna watakaotoweka, kuna watakaobadilisha namba ya simu, kuna watakaosema mwisho wa mwezi bado, na ni lazima awepo mtu mmoja mwenye subira anayepiga simu moja baada ya nyingine jioni baada ya kazi. Kikundi kisicho na mtu huyo kisiianze njia hii. Marejesho nayo yana udhia wake, kwa sababu ada ya kurudisha shilingi 300 inaonekana kubwa mbele ya kiasi chenyewe.

Inawafaa wanaojua watazamaji wao kwa majina: vikundi vya vyuo, vya makanisa, vya mitaa, na vikundi vya Waswahili waishio Ulaya, Ghuba au Marekani, ambao huonyesha mara moja kwa mwaka mbele ya jamii inayojuana na ambao hukodi ukumbi wa mtaa wakijua kwanza ni familia ngapi zitakuja.

Njia ya nne: kungoja, kisha kuuza kwa muda mfupi

Hii haihitaji maelezo marefu. Kikundi hakipokei shilingi mpaka mkataba utiwe saini na mchoro wa viti ujulikane, kisha huuza kwa wiki tatu au nne.

Fedha za mwanzo hazipo, hivyo ni lazima zitoke kwingine: michango ya wanakikundi, mfadhili, au makubaliano na mwenye ukumbi ya kugawana mapato ya mlangoni badala ya kulipa kodi kamili. Makubaliano ya aina hiyo yapo zaidi ya watu wanavyodhani, hasa kwa siku za katikati ya wiki ambazo ukumbi ungelala mtupu. Ahadi ni safi, idadi ni halisi, mlango umetulia, na marejesho hayatarajiwi isipokuwa kwa dharura.

Udhaifu wake ni matangazo. Bango lisilo na mahali pa kununulia halimshiki mtu, na aliyelipenda Septemba huwa amelisahau Novemba. Kwa upande mwingine, nimeona kwa miaka mingi kwamba watazamaji wetu wengi hununua siku za mwisho, wakishapokea mshahara, hata tiketi zikiwa zimefunguliwa miezi miwili. Kwa hiyo anayengoja hapotezi mauzo mengi kama anavyoogopa, mradi wiki zake tatu ziguse mwisho wa mwezi.

Inakifaa kikundi kipya ambacho bado hakijajenga jina, kwa sababu kuhamisha ukumbi katika onyesho la kwanza ni pigo ambalo kikundi changa hulibeba kwa muda mrefu. Inawafaa pia wote wanaouzia shule.

Uchague nini kwa hali yako

Ikiwa mkataba unakuja wiki hii na kinachokosekana ni saini ya mtu aliye safarini, na ukumbi una viti vya kudumu unavyovijua, uza daraja sasa na utoe namba siku saini itakapopatikana. Ikiwa umeshikiwa tarehe kwa penseli tu, njia ya kwanza iweke kando kabisa, hata kama kampuni inakuahidi kununua safu mbili. Iandikie kampuni hiyo barua ya kuishikia nafasi, uipokee fedha yake baadaye.

Ikiwa una kumbi mbili au tatu za kuchagua ndani ya eneo moja la mji na igizo linaloweza kuchezwa popote, njia ya pili itakufaa, kwa kipimo cha ukumbi mdogo. Ikiwa kumbi unazozungumza nazo ziko pande tofauti za jiji, usiuze chochote mpaka ubaki na upande mmoja, kwa sababu huwezi kumuuzia mtu safari asiyoijua.

Ikiwa tatizo lako hasa ni kwamba huna arbuni ya ukumbi, na unawajua watu mia wanaokupenda, andikisha. Fungua akaunti au namba ya malipo ya peke yake, isiyochanganyika na fedha za mtu binafsi, na usiiguse mpaka siku ya kulipia ukumbi. Fedha za waliojiandikisha zisilipie maleba, kwa kuwa ukumbi ukikosekana maleba hayawezi kukatwa vipande na kurudishwa.

Ikiwa umeshauza na ukumbi ukakuponyoka, watumie wote ujumbe siku hiyohiyo, kabla hujapata mbadala, ukitaja siku utakayowapa jibu na ukiwapa hiari ya kurudishiwa fedha yao. Wengi hukubali kusubiri wakiambiwa mapema. Aliyesikia habari kwa jirani kabla ya kukusikia wewe huwa hasubiri.

Na ikiwa watazamaji wako ni wanafunzi wanaokuja kutazama tamthilia teule ya Fasihi, ngoja. Mwalimu anayeleta kidato kizima ameshaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, amekusanya fedha kwa wazazi, amekodi basi kwa saa na kwa umbali, na ameandika jina la ukumbi kwenye barua zilizotiwa saini majumbani. Ukibadilisha ukumbi, barua zile zote zinaandikwa upya, na basi lililokodiwa kwa kwenda na kurudi mchana linageuka basi la usiku. Mwombe idadi ya wanafunzi tu, mwambie tarehe utakayomthibitishia, na fedha ya shule ibaki shuleni mpaka uwe na stakabadhi ya ukumbi ya kumwonyesha.